Umeweka mboji, sawa. Pampu umeizima?

Najua wengi mlikuwa mnasubiri niongelee bei ya nyanya, lakini leo nivumilieni. Kuna jambo linanikereketa tangu Agosti, na sehemu ya kosa ni langu mwenyewe, kwa hiyo bora niliseme.

Mwezi huo alinipigia kijana mmoja wa huku kwetu bondeni Ruaha Mbuyuni. Amekodi ekari mbili, kapanda nyanya, mipira ya dripu kaifunga mwenyewe, na mtaji kaupata kwa kuuza pikipiki yake. Hata salamu hakumaliza. "Bwana shamba, hii mboji yako ni kazi bure. Ekari niliyoweka mboji na ile ambayo sikuweka, zote nyanya zimekuwa njano. Nimepoteza hela ya kirikuu trip nane."

Nilikwenda kesho yake. Mboji yenyewe niliijua, maana ile biwi tuliijenga pamoja: mabua ya mahindi, samadi ya ng'ombe, majani mabichi, majivu kidogo. Ilipata joto, ikageuzwa, ikaiva vizuri, haikuwa na harufu. Akaiweka kwenye mashimo kama tulivyokubaliana. Sasa tatizo liko wapi?

Nikaomba chepe, nikachimba katikati ya mashina mawili. Juu udongo una unyevu. Nikashuka sentimita 20, unyevu. Nikashuka 40, mchanga umeloa chapachapa, ukiukamata maji yanatoka vidoleni. Na mizizi? Mizizi yote ilikuwa imejikusanya juu, sentimita kama 15 hivi, imekaa kivivu. Kwa nini ishuke kutafuta maji wakati maji yanaletwa kitandani?

Nikamuuliza unawasha pampu muda gani. "Masaa matatu asubuhi, lisaa limoja jioni." Kila siku? "Kila siku. Si ulisema nyanya inataka maji?"

Hiyo ndo ratiba aliyoiiga kwa jirani kabla hajawahi kusikia neno mboji. Aliubadilisha udongo, lakini koki hakuigusa. Maji yaliyokuwa yanazidi yalikuwa yanashuka chini ya mizizi, na yanashuka na naitrojeni, ya mboji pamoja na ya yurea aliyokuwa anaweka. Ule unjano ulikuwa ni pesa yake inayozama ardhini.

Hapo nikajiona mjinga, maana kwenye mafunzo yetu niliongea karibu masaa mawili kuhusu biwi: matabaka, unyevu, siku za kugeuza, hadi namna ya kufunika na turubai. Kuhusu pampu sikusema hata neno moja. Na nikifikiria vizuri, sisi maafisa ugani wengi ndivyo tunavyofundisha. Tunasema "mboji inatunza unyevu", mkulima anaitikia, tunaenda kwenye mada nyingine. Tunaiongelea kana kwamba ukishaimwaga shambani maji yatajipunguza yenyewe.

Msimamo wangu leo ni huu, na najua baadhi ya wenzangu hawatakubaliana nami: mboji haikuokolei maji. Mboji inakupa nafasi ya kuokoa maji. Anayeokoa ni yule anayekwenda kuzima pampu. Ukiweka mboji halafu ukamwagilia kama zamani, umelipa mara mbili.

Tulichofanya siku ile ni rahisi. Kwenye ekari yenye mboji tulichagua mistari sita, tukafunga koki zake kwa jioni kabisa na asubuhi tukaipa masaa mawili badala ya matatu. Yaani nusu ya maji. Kijana hakupenda. Alisema nyanya ziko kwenye maua, zikidondosha maua nitamlipa? Nikamwambia mistari sita tu, ukipoteza nitakuja kuvuna na wewe bure msimu mzima. Tukafanya hivyohivyo kwa mistari miwili ya ekari isiyo na mboji.

Ile mistari miwili isiyo na mboji, siku ya tatu saa tisa alasiri majani yalikuwa yamelala. Tukairudishia maji yake. Ile sita yenye mboji haikulala. Siku mbili za kwanza ilionekana kuchoka mchana, halafu ikazoea. Baada ya wiki tatu majani mapya yalikuwa kijani kuliko ya mistari ya jirani iliyokuwa inaendelea kunywa masaa manne. Wakati wa kuvuna, matenga yalitoka sawasawa na mistari mingine, na nyanya zilizopasuka zilikuwa chache. Sikupima kwa mzani kwa hiyo sitakupa asilimia hapa. Ninachojua ni kwamba kufikia wakati huo ekari yote ya mboji ilikuwa imehamia kwenye masaa mawili, na petroli iliyokuwa inaisha kwa wiki moja kwenye ekari hiyo ikawa inasogea hadi karibu wiki mbili.

Wapo watakaosema hiyo ni shamba moja, bwana shamba anatafuta sifa. Sawa. Nendeni mkaangalie Kiwere, hapohapo Iringa Vijijini. Kuanzia 2013 wakulima wa skimu ile walifanya kazi na watafiti, wakapewa kifaa cha kupima unyevu kinachoitwa Chameleon, kilichobuniwa na Richard Stirzaker wa CSIRO kule Australia. Kinaonyesha rangi tu: bluu maana yake udongo umeloa, kijani una unyevu wa kutosha, nyekundu umekauka. Wakulima walipoanza kuona bluu siku ambayo ni zamu yao ya maji, wakajua kumbe wamekuwa wakimwagilia kupita kiasi miaka yote. Wakapunguza mara za kumwagilia, na mavuno hayakushuka. Ona, hapo hakuna aliyebadilisha udongo kwanza. Walibadilisha mkono wa koki. Sasa fikiria mkono huo ukikutana na udongo wenye mboji.

Nije kwenye hesabu, maana ninyi ni wafanyabiashara na hadithi peke yake haitoshi.

Kuna maneno yanazunguka sana mtandaoni kwamba ukiongeza asilimia moja tu ya mata-ogani kwenye udongo, ekari moja itashika lita 75,000 zaidi za maji. Ni maneno matamu. Nami niliwahi kuyasema kwenye semina, Mungu anisamehe. Mwaka 2018 Budiman Minasny na Alex McBratney, watafiti wa udongo wa Chuo Kikuu cha Sydney, walikusanya tafiti 60 na vipimo zaidi ya 50,000 kutoka sehemu mbalimbali duniani, wakakuta kitu cha kawaida sana: ukiongeza kaboni ya udongo kwa asilimia moja, maji ambayo mmea unaweza kuyatumia yanaongezeka kwa wastani wa asilimia 1.16 tu ya ujazo wa udongo. Kwa sentimita 30 za juu ni kama milimita tatu na nusu. Kwa ekari ni lita 14,000. Udongo wa kichanga unapata zaidi, wa mfinyanzi unapata kidogo sana.

Na hiyo asilimia moja yenyewe siyo mchezo. Sentimita 30 za juu za ekari moja zina uzito wa karibu tani 1,600. Asilimia moja ni tani 16 za kaboni. Mboji kavu ina kaboni kama moja ya tano ya uzito wake, kwa hiyo unahitaji tani 80 za mboji kavu, na hapo nimejifanya kama hakuna hata kilo moja itakayooza. Nani ana tani 80? Hata ungepewa bure, gari la kuzileta lingekufilisi.

Ndiyo maana nasema msimwage mboji shamba zima kama mnapanda ulezi. Kama una dripu, mstari hadi mstari mita moja na nusu, weka mboji kwenye ukanda wa sentimita 30 tu pale mpira unapopita, na ichanganye hadi sentimita 15 kwenda chini. Ukanda huo ni moja ya tano ya shamba, na kina ni nusu. Moja ya tano mara nusu ni moja ya kumi. Zile tani 80 zimekuwa nane. Tani nane kwa misimu miwili mitatu kijana anayejituma anazifikia, hasa kama hachomi mabua baada ya kuvuna. (Nikipita barabarani Oktoba nikaona moshi shambani kwa mtu aliyeniomba ushauri wa mboji, huwa nageuza uso.)

Halafu kuna faida ambayo haimo kabisa kwenye zile lita 14,000, na kwangu mimi ndo kubwa zaidi kwa bonde letu. Mmeona udongo wetu unavyotengeneza gamba juu baada ya kumwagilia? Maji yanakimbia pembeni, yanatuama kwenye njia, jua linayachukua. Mboji inalegeza hilo gamba. Maji yanaingia pale yalipodondoka, na mizizi inapata hewa ya kushuka. Ukitandaza na majani makavu juu yake, jua linakosa pa kuchota. Mmea wenye mizizi ya sentimita 40 una ghala kubwa mara mbili na zaidi ya mmea wenye mizizi ya 15, hata kama udongo ni uleule. Lakini turudi palepale: mizizi haitashuka kama unaiharibu kwa maji kila jioni.

Wa vitunguu mtaniuliza, mbona sisi hatuna ukanda? Kweli, kwenye jaruba kitunguu kimejaa kila sentimita 10 na huwezi kuchagua pa kuweka. Ninyi faida yenu ya maji itakuwa ndogo kuliko ya wa nyanya, sitawadanganya. Wekeni safu nyembamba juu, ichanganyeni na sentimita 10 za mwanzo, na hesabuni faida yenu zaidi kwenye gamba na kwenye chumvi. Na hii ya chumvi ndo hasa iliyonifanya nikae chini kuandika.

Wazee wetu mbolea za dukani waliziita mbolea za chumvichumvi. Wengi mnadhani ni jina la kijijini tu. Hapana, ni kemia sahihi kabisa. CAN, SOP na nyingi ya hizo ni chumvi, zinayeyuka kwenye maji kama ya jikoni. Na maji ya kisima nayo yanakuja na chumvi zake. Mmea unakunywa maji, jua linachukua maji, chumvi inabaki. Ule weupe kama unga unaouona pembeni ya jaruba mwezi wa Septemba ndo huo.

Piga hesabu na mimi. Tuseme maji ya kisima chako yanasoma 1 kwenye kipimo cha chumvi, yaani desisimensi 1 kwa mita. Siyo maji mabaya, ukiyaonja huenda usione kitu. Kila lita 1,000 zina kama gramu 640 za chumvi. Ekari moja ukiipa milimita 5 kwa siku ni lita 20,000 hivi. Hiyo ni karibu kilo 13 za chumvi kwa siku. Kwa siku 90 za msimu ni zaidi ya kilo 1,100. Mifuko 23 ya kilo 50, umeimwaga kwenye ekari moja, bila kununua hata mmoja. Sasa kijana anayewasha pampu mara mbili ya anachohitaji?

Kwenye majedwali ya FAO, kitunguu kinaanza kupunguza mavuno chumvi ya udongo ikipita 1.2, na nyanya ikipita 2.5. Kwa hiyo unaweza kuvuna nyanya vizuri miaka mitatu, ukaja kuweka kitunguu palepale kikagoma, ukamlaumu aliyekuuzia mbegu.

Hapa ndipo ninapowaomba mwache kuona kuokoa maji na kusafisha udongo kama mambo mawili. Ni jambo moja. Kila lita ambayo hukuivuta ni chumvi ambayo hukuileta. Ukipunguza robo ya maji kwenye mfano wangu, umeacha karibu mifuko sita kisimani. Na yale maji ya kuzidi hayapotei hewani, yanashuka na naitreti hadi kwenye visima vyetu vifupi, ambavyo dada zetu wanachota ya kunywa. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 50 za naitreti kwa lita ya maji ya kunywa, kwa ajili ya watoto wachanga hasa. Mtu hawezi kuona naitreti kwa macho, wala kuinusa.

Tahadhari moja kabla mtu hajakimbilia kufunga koki zote. Kama maji yako yana chumvi nyingi, ukibana sana kila siku chumvi itajikusanya pembeni mwa mizizi. Mara mojamoja mwagilia kwa kina ili uisukume chini, na mvua za Desemba hadi Aprili ziache ziingie zikusaidie. Udongo wenye mboji mvua inazama na kushusha chumvi. Udongo wenye gamba mvua inakimbilia mtoni na udongo wako.

Je, mboji inasafisha sumu za dawa? Swali hili naulizwa sana, hasa tangu kantangaze aingie nchini 2014 na watu wakaanza kupiga dawa kama wanazima moto. Jibu ni nusu ndiyo. Dawa nyingi huvunjwavunjwa na vijidudu vya udongo, na vijidudu vinakula mboji, kwa hiyo udongo hai unafanya kazi hiyo haraka kuliko udongo mfu. Lakini kopa haivunjwi na chochote. Shaba ni shaba, ukiipiga leo mjukuu wako ataikuta. Mboji inaishika tu, inaifunga ili mizizi na minyoo isiumie sana. Anayekuambia mboji "inaondoa" metali kwenye udongo anakuuzia kitu. Kinachopunguza kopa ni kupiga kopa kidogo.

Na mboji yenyewe inaweza kuwa ndo uchafu. Nimeona mtu analeta taka za dampo la mjini, zimeoza vizuri, nyeusi, zinapendeza. Ndani kuna vipande vya mifuko, chupa, na betri za redio. Umeingiza shambani kitu ambacho hutakitoa. Mbolea ya kuku wa mayai ikiwekwa mbichi tena kwa wingi ni chumvi juu ya chumvi. Mashina ya nyanya yenye mnyauko wa bakteria msiyaweke kwenye biwi kabisa, hata kama biwi linapata nyuzi 60, maana pembeni mwa biwi hakufiki joto hilo. Yachomeni, hayo nawaruhusu.

Kuna jingine wengi hawalijui. Baadhi ya viuagugu vya malisho, kama aminopiralidi, vinapita tumboni mwa ng'ombe bila kuharibika, vinaingia kwenye samadi na vinavumilia hata kwenye biwi. Uingereza mwaka 2008 mauzo ya dawa hiyo yalisimamishwa baada ya watu kuweka samadi na nyanya zao kujikunja. Kama samadi unanunua kwa mtu usiyemjua, chukua makopo matatu, jaza mboji iliyochanganywa na udongo, panda maharage. Makopo mengine matatu panda kwenye udongo mtupu. Wiki tatu tu. Majani yakijikunja kwenye mboji na siyo kwenye udongo, usiiguse.

Sijasema muache mbolea ya dukani, nieleweke. Tani nane za mboji kavu zenye naitrojeni asilimia 1.5 zina kilo 120 za naitrojeni, lakini msimu wa kwanza labda moja ya saba tu ndo inaachiliwa. Hiyo haifiki hata mfuko mmoja wa yurea. Wanaowaambia mlime nyanya ya biashara kwa mboji peke yake msimu wa kwanza wawaonyeshe daftari lao la mauzo. Mimi nataka yurea yako ibaki kwenye mizizi badala ya kwenda kisimani, na hiyo kazi mboji na koki zinaifanya pamoja.

Sasa lile gumu, ambalo kijana wetu alilisema wakati tunakunja mipira baada ya mavuno, na sikuwa na jibu la haraka. "Bwana shamba, nimekuelewa. Lakini shamba siyo langu. Nakodi msimu kwa msimu. Nikiubebea udongo tani nane, mwakani mwenyewe anapandisha kodi au anampa mwingine. Si nitakuwa nimemfanyia kazi yeye?"

Ana haki. Tena sayansi iko upande wake. Kule Rothamsted, Uingereza, kuna kipande cha shayiri kinaitwa Hoosfield. Kilipewa samadi kila mwaka kuanzia 1852 hadi 1871, halafu basi. Zaidi ya miaka 100 baadaye kilikuwa bado kina kaboni nyingi kuliko kipande ambacho hakikuwahi kupewa. Wanaopenda mboji wanaisimulia hadithi hiyo kwa furaha. Mpangaji wa msimu mmoja akiisikia anaona watu wengine wanakula jasho lake kwa karne nzima.

Kwa hiyo sitamwambia mtu anayekodi msimu mmoja ajenge udongo kwa uzalendo. Mtu wa msimu mmoja aweke mboji kwenye shimo tu, viganja viwili vitatu kwa mche, kiasi kitakachomlipa kwa petroli ya msimu huohuo, na pesa iliyobaki anunue matandazo. Anayetaka kujenga udongo kwanza ajenge mkataba. Miaka mitatu, kwa maandishi, mbele ya mwenyekiti wa kitongoji, kodi isipande katikati. Na uende na kitu mkononi. Wenye mashamba wengi huku ni wazee wetu, wanajua udongo kuliko mimi. Mzee akiona shamba lake miaka ya nyuma lilikuwa linatoa kitunguu na leo lina weupe, huhitaji kumhubiria. Mwambie: baba, nakurudishia shamba hili baada ya miaka mitatu likiwa na hali hii, wewe nipe miaka mitatu. Wapo watakaokataa. Wapo wanaotaka kuongea na mtu ambaye hatawaachia jangwa.

Yule kijana nimemsindikiza mara moja kwa mwenye shamba. Mzee alitusikiliza, akatukaribisha chai, hakusema ndiyo wala hapana. Akauliza tu, "Ile ekari ya juu ndo mliyoweka hayo majani yenu?" Tukamwambia ndiyo. Akasema atakwenda kuiangalia mwenyewe, na chepe tusimchukulie, analo la kwake. Jumamosi hii tunakutana naye palepale shambani saa moja asubuhi, kabla pampu haijawashwa.